Bunge la Marekani Lina Nguvu Gani?



Katika vikundi vyetu vya kusoma, swali moja linarudi mara kwa mara. Mtu anasikia redioni kwamba Bunge la Marekani limemnyima Rais fedha. Baada ya muda anasikia kwamba Rais wa huko amepeleka ndege za vita katika nchi ya mbali, na Bunge halikupiga kura yo yote. Basi anauliza: "Sasa mwenye nguvu ni nani? Ni Rais au ni Bunge?"

Swali hili ni zuri. Leo tutalijibu kwa kutazama maandishi yenyewe, yaani Katiba ya Marekani. Halafu tutatazama mambo yaliyotokea kweli. Tutaona kwamba nguvu iliyoandikwa ni kama jembe. Jembe likitundikwa ukutani halilimi. Lazima mtu alishike.

KWA NINI WALIANDIKA KATIBA

Zamani Marekani ilikuwa makoloni 13 ya Uingereza. Bunge la London liliwatoza watu wake kodi, na wao hawakuwa na mbunge hata mmoja katika Bunge hilo. Walikataa. Wakapigana na Mfalme wa Uingereza tangu mwaka 1775 mpaka 1783, wakashinda.

Lakini serikali yao ya kwanza ilikuwa dhaifu. Bunge lao la wakati ule halikuwa na ruhusa ya kutoza kodi. Liliweza kuomba tu. Majimbo yakipenda yalitoa fedha, yasipopenda hayakutoa. Askari waliopigania uhuru walikaa bila mishahara yao.

Katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1786, wakulima wenye madeni walishika silaha. Walikuwa wananyang'anywa mashamba kwa sababu ya madeni na kodi. Wakaenda kufunga mahakama zisifanye kazi. Mmoja wa viongozi wao, Daniel Shays, alikuwa askari wa zamani wa vita vya uhuru. Watu wakubwa wa nchi wakaingiwa na hofu.

Basi mwaka 1787 wajumbe 55 walikwenda kukutana katika mji wa Philadelphia. Walibishana tangu Mei mpaka Septemba. Walikuwa na hofu mbili. Hofu ya kwanza ilikuwa Bunge lisilo na nguvu, kama lile walilokuwa nalo. Hofu ya pili ilikuwa mtu mmoja mwenye nguvu zote, kama yule mfalme waliyemfukuza. Katiba waliyoiandika ni jibu la hofu hizo mbili.

BUNGE LENYE MABARAZA MAWILI

Wamarekani huliita Bunge lao Kongresi. Lina mabaraza mawili, na yote yako katika mji mkuu wa Washington.

Baraza la kwanza ni Baraza la Wawakilishi. Lina wajumbe 435 wenye kura. Jimbo lenye watu wengi lina wajumbe wengi. Jimbo la California lina wajumbe 52. Jimbo la Wyoming lina mjumbe 1 tu. Wajumbe hawa huchaguliwa kila baada ya miaka 2.

Baraza la pili ni Seneti. Humo kila jimbo lina watu 2, liwe kubwa au dogo. Majimbo ni 50, kwa hiyo maseneta ni 100. Seneta hukaa miaka 6.

Sheria haipiti mpaka mabaraza yote mawili yakubali maneno yale yale. Kisha muswada hupelekwa kwa Rais. Akitia sahihi, unakuwa sheria. Akikataa, huurudisha Bungeni. Kukataa huku huitwa kura ya turufu. Lakini hapo mambo hayajaisha. Mabaraza yote mawili yakiupitisha tena kwa kura mbili kwa tatu, yaani watu wawili katika kila watu watatu waliopiga kura, unakuwa sheria hata kama Rais hataki.

Kazi hiyo si rahisi. Tangu mwaka 1789 marais wa Marekani wamekataa miswada zaidi ya 2,500. Bunge limewashinda mara zaidi kidogo ya 110 tu.

ORODHA YA NGUVU

Sasa tufike kwenye kiini. Katiba ya Marekani, Ibara ya 1, kifungu cha 8, ina orodha. Orodha hiyo ina aya 18. Inasema Bunge linaweza kufanya nini. Tutaje baadhi yake:

Bunge linaweza kutoza kodi na ushuru. Linaweza kukopa fedha kwa jina la nchi. Linaweza kusimamia biashara na nchi za nje, na biashara kati ya jimbo na jimbo. Linaweza kutengeneza sarafu, na kuweka vipimo vya mizani. Linaweza kuanzisha ofisi za posta. Linaweza kuweka sheria ya namna mgeni anavyopata uraia. Linaweza kuunda mahakama za chini ya Mahakama Kuu ya nchi. Linaweza kutangaza vita. Linaweza kuunda jeshi na kulilipa, lakini fedha za jeshi la nchi kavu haziwezi kutolewa kwa zaidi ya miaka 2 kwa mara moja.

Mnaona hapo? Miaka 2 ndiyo muda wa Baraza la Wawakilishi. Kila Bunge jipya likiingia lazima liulizwe tena: je, jeshi hili bado mnalitaka?

Aya ya mwisho katika orodha inasema Bunge linaweza kutunga sheria zo zote za lazima na za kufaa ili kazi hizo nyingine zifanyike. Maneno hayo machache yameleta ubishi mwingi. Je, Bunge linaweza kuanzisha benki, na benki haikutajwa kwenye orodha? Mwaka 1819 Mahakama Kuu ilijibu: ndiyo, linaweza, kwa sababu benki inasaidia kazi za fedha zilizotajwa.

Bunge lina mipaka pia. Mwaka 1791 Katiba iliongezewa mambo 10. La kwanza linalikataza Bunge kutunga sheria ya kuweka dini ya serikali, au ya kuzuia watu kusema, kuandika, kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko yao. La kumi linasema kwamba nguvu ambazo serikali kuu haikupewa zinabaki kwa majimbo, au kwa wananchi.

Bunge pia linaweza kumshitaki Rais. Baraza la Wawakilishi ndilo linaloshitaki, na Seneti ndiyo inayohukumu. Ili Rais aondolewe, lazima theluthi mbili ya maseneta waliopo waseme ana hatia. Marais watatu wameshitakiwa hivyo: Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mara mbili, mwaka 2019 na 2021. Hakuna aliyepatikana na hatia. Johnson aliokolewa na kura moja tu.

MKOBA WA FEDHA

Sisi tuna msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wajumbe wa Philadelphia walilijua jambo hilo. Waliandika kwamba fedha haziwezi kutolewa Hazina ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Waliandika pia kwamba hesabu za mapato na matumizi zitangazwe mara kwa mara. Muswada wa kutoza kodi lazima uanzie katika Baraza la Wawakilishi, kwa sababu hao ndio wanaorudi kwa wananchi kila miaka 2.

Rais ndiye mkuu wa majeshi na mkuu wa serikali. Lakini mkoba wa fedha uko kwa Bunge. Wasipoelewana, nchi nzima huona. Mwezi Desemba 2018 Rais Trump alitaka fedha za kujenga ukuta mpakani mwa Mexico. Bunge halikutoa kiasi alichotaka. Sheria ya fedha haikupita, na ofisi nyingi za serikali zikakosa fedha kwa siku 35. Wafanyakazi kama 800,000 hawakupata mishahara kwa wakati. Wengine walikaa nyumbani, wengine walifanya kazi bila kulipwa mpaka mambo yalipokwisha.

Je, Bunge lilishinda? Ngojeni. Mwezi Februari 2019 Rais alitangaza hali ya hatari, akachukua fedha zilizowekwa kwa kazi nyingine. Bunge lilipitisha azimio la kumzuia. Rais akalikataa kwa kura ya turufu, na Bunge likakosa theluthi mbili. Kwa hiyo hata mkoba una tundu, kama mwenye mkoba hawezi kukusanya kura za kuliziba.

UFUNGUO WA VITA

Jambo lililowagombanisha zaidi ni vita. Mwaka 1787 rasimu ya kwanza ilisema Bunge ndilo "lifanye" vita. Wajumbe wakabadili neno, wakaandika "litangaze" vita. Sababu yake ni kwamba adui akishambulia ghafula, Rais asingoje wabunge wakusanyike. Lakini kuianza vita, hiyo iwe kazi ya Bunge. Hawakutaka mtu mmoja apeleke vijana wa watu kufa.

Tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Wajapani kushambulia bandari ya Pearl Harbor, Bunge lilitangaza vita na Japani. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 388 za ndiyo na 1 ya hapana. Hiyo kura moja ilikuwa ya mama Jeannette Rankin wa Montana. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge hilo, mwaka 1916. Tunaweza kumkubali au kumkataa. Lakini kila mwananchi alijua nani amesema ndiyo na nani amesema hapana, na majina yaliandikwa.

Bunge la Marekani lilitangaza vita kwa mara ya mwisho mwaka 1942. Je, tangu hapo Marekani haikupigana? Imepigana mara nyingi. Mwaka 1950 Rais Truman alipeleka majeshi Korea bila kuliomba Bunge litangaze vita. Watu wengi waliona ni sawa, Bunge likatoa fedha, na desturi ikaanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwezi Agosti 1964 Rais Johnson aliliambia Bunge kwamba meli za Marekani zimeshambuliwa mara mbili karibu na Vietnam. Baadaye ilijulikana kwamba shambulio la pili halikutokea. Lakini siku ile wabunge hawakuchunguza. Walipitisha azimio la kumpa Rais ruhusa ya kuchukua hatua zote anazoona zinafaa. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 416, hakuna aliyekataa. Katika Seneti 88 walikubali, na 2 tu walikataa, Wayne Morse na Ernest Gruening.

Kwa ruhusa ile fupi, askari zaidi ya 500,000 walikuwa Vietnam miaka michache baadaye. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa, na watu wa Vietnam waliokufa walikuwa wengi mno kuliko hao. Bunge lilitoa ufunguo kwa siku chache. Kuurudisha kulichukua miaka.

Lilirudishaje? Kwanza kwa fedha. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria kwamba baada ya tarehe 15 Agosti mwaka huo, fedha za serikali zisitumike tena kwa mapigano katika nchi za huko. Pili, mwezi Novemba 1973 lilitunga sheria ya nguvu za vita, ingawa Rais Nixon aliikataa. Sheria hiyo inamtaka Rais atoe taarifa kwa Bunge katika saa 48 baada ya kuwaingiza askari mapiganoni. Bunge lisipotoa ruhusa, awatoe katika siku 60, na siku 30 za nyongeza za kuwaondoa salama kama inabidi.

Hapa Afrika ya Mashariki tuliyaona mambo haya karibu. Majeshi ya Marekani yaliingia Somalia mwezi Desemba 1992. Mwezi Oktoba 1993 askari wao 18 waliuawa katika mapigano ya Mogadishu, na Wasomali mamia walikufa. Rais Clinton alitaja siku ya kuondoka. Bunge halikuridhika na ahadi ya mdomo. Liliandika katika sheria ya fedha kwamba baada ya tarehe 31 Machi 1994 fedha hazitatolewa kwa askari hao, isipokuwa wachache wa kazi maalum kama kulinda ubalozi. Wakaondoka.

Hata hivyo marais wa vyama vyote viwili wameibishia sheria ile ya 1973. Mwaka 2011 ndege za Marekani zilishambulia Libya zaidi ya siku 60 bila ruhusa ya Bunge. Rais Obama alisema kazi ile haikuwa mapigano ya namna iliyotajwa katika sheria. Bunge lilinung'unika, lakini fedha halikuzizuia.

BUNGE LILIPOSHIKA JEMBE

Tusidhani Bunge hushindwa siku zote. Liko jambo ambalo sisi wa kusini mwa Sahara hatuwezi kulisahau.

Watu wa Afrika Kusini walikuwa wanaonewa na serikali ya makaburu. Wapigania uhuru wao wengi waliishi kwetu, na wanakisomo wa Morogoro wanakumbuka shule yao ya Mazimbu. Huko Marekani, tangu mwaka 1972, mbunge mmoja mweusi wa California, Ronald Dellums, alikuwa akileta muswada wa kukata biashara na makaburu. Mwaka baada ya mwaka ulikataliwa. Tangu Novemba 1984 wananchi walianza kusimama kila siku mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini huko Washington, wakikubali kukamatwa. Wanafunzi nao walidai vyuo vyao viuze hisa katika makampuni yaliyofanya biashara huko.

Mwaka 1986 Bunge likatumia nguvu yake ya kusimamia biashara na nchi za nje. Lilipiga marufuku makampuni kupeleka mitaji mipya Afrika Kusini, na kununua huko chuma, makaa ya mawe na mazao ya mashamba. Rais Reagan aliukataa muswada huo. Baraza la Wawakilishi likaupitisha tena kwa kura 313 dhidi ya 83, na Seneti kwa kura 78 dhidi ya 21. Wengi wa chama cha Rais mwenyewe walimwacha. Ukawa sheria. Hatusemi sheria hiyo peke yake ilileta uhuru. Waliouleta ni watu wa Afrika Kusini wenyewe. Lakini makaburu walijua sasa kwamba Rais wa Marekani hawezi tena kuwakinga peke yake.

KARATASI ILIYOLALA MIAKA 95

Tumalize na jambo linalotuhusu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani.

Katiba ya 1787 iliwahesabu watumwa weusi kama sehemu tatu kwa tano za mtu, wakati wa kugawa viti vya wajumbe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe utumwa ulipigwa marufuku. Mwaka 1870 Katiba ikaongezewa maneno kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi, na kwamba Bunge lina nguvu ya kutunga sheria za kulinda haki hiyo.

Maneno yalikuwapo. Lakini majimbo ya kusini yalibuni hila. Hila moja ilikuwa mtihani wa kusoma. Mtu mweusi akienda kujiandikisha alipewa kifungu kigumu cha sheria akieleze. Msimamizi mzungu ndiye aliyeamua kama amefaulu. Mwaka 1962 mama Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba huko Mississippi, alikwenda kujiandikisha pamoja na wenzake 17. Alipewa kifungu cha katiba ya jimbo, akaambiwa akinakili na kukieleza. Akaambiwa ameshindwa. Jioni ile ile mwenye shamba alimwambia afute jina lake au ahame. Alikuwa amekaa pale miaka 18. Alihama, lakini hakunyamaza. Mwaka uliofuata alirudi, akaandikishwa.

Watu kama yeye waliandamana, wakapigwa, wengine wakauawa. Hatimaye Bunge likatumia ile nguvu ya 1870. Sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965, na mitihani ile ikasimamishwa katika majimbo yaliyohusika. Tangu 1870 mpaka 1965 ni miaka 95. Kabla ya sheria hiyo, katika Mississippi watu weusi walioandikishwa walikuwa kama 7 kwa mia. Mwaka 1967 walikuwa kama 60 kwa mia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilifuta sehemu moja kubwa ya sheria hiyo, na ubishi unaendelea.

Basi, ndugu, lile swali tumelijibu. Kwa maandishi, Bunge la Marekani lina mkoba wa fedha, ufunguo wa vita na nguvu ya kutunga sheria. Kwa vitendo, lina nguvu siku wabunge wanapokubali kuzitumia, na mara nyingi wanakubali wananchi wanapowasukuma. Mama Hamer alinyimwa haki kwa hila ya kusoma, wakati haki yake ilikuwa imeandikwa tayari. Sisi sasa tunajua kusoma. Tusiwaachie wengine watusomee yaliyoandikwa juu yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wajumbe wa Philadelphia hawakutaka Rais aanze vita peke yake?

2. Mwaka 1964 wabunge walitoa ruhusa bila kuchunguza. Kijiji kinaweza kufanya kosa la namna hiyo wapi?

3. Nani anashika fedha za kijiji chetu, na nani anasoma hesabu zake? Mara ya mwisho zilisomwa lini mbele ya mkutano?